Chupa ya Chai Kati Yangu na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinihamisha kutoka sebule yangu mwenyewe bila kusema hata neno moja. Aliingia, akapapasa kiti cha karibu na dirisha, akaketi na kitambaa cheupe juu ya jicho, na mimi nikachukua simu yangu nikatoka barazani. Ndivyo inavyotakiwa. Kwao mke wangu, kule chini Embu kwenye joto na miiba, mwanaume hakai chumba kimoja na mama aliyemzaa mkewe. Hamli pamoja, hampeani mikono, hamtazamani usoni. Ukikutana naye njiani unaingia kichakani hadi apite, hata kama kichaka chenyewe ni cha upupu. Wao wanaiita nthoni, ile aibu ya heshima. Sisi wa Tigania tunayo pia, lakini yetu imelegea kama soksi ya zamani. Yao bado inabana.

Sasa mtu kama huyo anakuja kuuguzwa kwako mjini Meru, kwenye nyumba ya sebule moja, chumba kimoja na jikoni ya kugeukia kwa zamu. Utafanyaje? Usiku tulimpata mahali. Jirani wa mlango wa pili, mjane mwenye moyo, alimpa kitanda, kwa sababu kulala chini ya paa la mkwe ni jambo ambalo hata kulitaja hakukubali. Mchana ndio uliokuwa na kazi. Mke wangu anauza nguo za watoto sokoni, anatoka alfajiri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na shule zilikuwa zimefungwa. Kwa hiyo kutoka asubuhi mpaka jioni tulibaki wawili, watu ambao hawaruhusiwi kuonana, na pazia la mlango katikati.

Nieleze habari ya jicho, maana jicho ndilo lililotuweka pale. Lile la kushoto lilikufa zamani, alipochomwa na mwiba akikatia mbuzi majani. La kulia likaota mtoto wa jicho mpaka akawa anamjua mtu kwa sauti. Daktari akalipasua na kutoa huo ukungu, kisha akatuita pembeni mimi na mke wangu. Akasema matone mara nne kwa siku. Asilisugue. Asibebe kitu kizito. Na zaidi ya yote asiiname, hata kuokota kijiko, mpaka amwone tena. "Hili likiharibika," alisema, "sina lingine la kumfanyia."

Nilitoka pale nimeapa. Huyu mama hatoki Meru kabla ya siku ya daktari, liwalo na liwe.

Siku ya kwanza tu kidogo nishindwe. Mke wangu, ambaye siku hiyo hakwenda sokoni, kwa nia njema alimwashia mama yake tivii asikilize. Ilikuwa saa ya zile tamthilia za ng'ambo zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo mwanamke analala na wanja na kuamka na wanja. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Mara muziki ukaanza kupanda na watu wakanyamaza. Nazijua tamthilia hizi, zimenilisha mada nyingi. Muziki ukipanda hivyo na watu wakinyamaza, kuna jambo. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mtu azime. Hakuna aliyezima. Likaja busu, refu, la sauti, kama mtu anayenyonya mfupa wa supu.

Mama mkwe hakuliona. Lakini macho kuugua si masikio kuugua, na alijua wazi kwamba mkwe wake yuko nyuma ya pazia na kisu mkononi akisikia busu lile lile. Kwao hiyo ni sawa na kuoga mto mmoja. Aliinuka ghafla, akagonga meza kwa goti, akamwita Mungu wake, "Ngai!" na kumwambia bintiye, "Nipeleke nyumbani. Sasa hivi." Ilibidi mke wangu apige magoti. Tivii ikafunikwa leso na kugeuzwa ukutani kama mtoto aliyekosea, na ikakaa hivyo siku zote alizokuwa kwetu.

Baada ya hapo, kimya. Mtu aliyezoea kuamka na kuku, kulima, kukama, kugombana na mbuzi, amekaa kwenye kiti na haoni. Nilimsikia akipumua. Nilimsikia akikunja leso yake, akiikunjua, akiikunja tena. Mke wangu akirudi jioni anaambiwa, "Hii nyumba yako ni jela yenye chai."

Chai yenyewe nilikuwa naipika mimi. Naijaza kwenye chupa, naiweka juu ya kigoda pale mlangoni, chini ya pazia, kisha nakohoa na kuondoka. Yeye anasubiri hatua zangu ziishe, anapapasa, anaichukua. Chupa ikiisha anairudisha pale pale. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote.

Mimi nina ukurasa wangu kwenye simu. Naandika vitu vifupi. Hadithi za kusoma chai ikichemka, mawazo yangu ya Jumapili, na vioja vya filamu na nyimbo: kwa nini stelingi, yule shujaa wa sinema, bunduki yake haiishi risasi, kwa nini tajiri wa tamthilia hana kazi anayokwenda asubuhi. Wasomaji wangu ni watu wa boda wakingoja abiria, wasichana wa saluni, walimu wenzangu wakijifanya wanasahihisha. Mke wangu anauita ukurasa huo "shamba lako lisilovunwa." Sawa. Lakini nina tabia moja, siwezi kuandika kimya. Lazima nisome kwa sauti nisikie sentensi inavyotembea. Na kwa kuwa nilikuwa nimefukuzwa sebuleni, nilikuwa nasomea barazani, hatua mbili kutoka kwenye pazia.

Siku hiyo nilikuwa na hadithi ya kijana wa Timau. Anafanya kazi kwenye mashamba ya ngano, anaona picha ya mwanamke kwenye simu, anaacha kila kitu na kumfuata. Niliipenda. Nilisoma mwanzo mara mbili, naonja maneno. Nikasikia kikohozi ndani ya nyumba. Kisha sauti.

"Wewe chupa," ilisema sauti. "Huyo kijana ametoka kwao asubuhi. Mbuzi iliachiwa nani?"

Nilitazama huku na huku. Hakuna mtu mwingine. Chupa ilikuwa juu ya kigoda, mdomo umefungwa vizuri.

Kiswahili cha mama mkwe ni cha soko, cha kununua chumvi na kuuza ndengu. Mimi Kimbeere, lugha ya kwao, nakijua kwa kubahatisha, na Kimeru changu yeye alikisikia kama mtu anayeongea na viazi moto mdomoni. Kiswahili ndicho kilichobaki kwetu sote, na chupa ndiyo iliyobaki kuwa mtu wa tatu.

"Chupa," nikasema polepole, "mwambie mama kwamba huyo kijana hana mbuzi. Ni mfanyakazi wa shamba la ngano."

Leso ilikunjwa, ikakunjuliwa.

"Chupa, mtu hana mbuzi hata moja, na ako na nauli ya kufuata mwanamke wa picha? Huyo ni mwizi. Mwambie aangalie vizuri."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Miaka yote hii nafundisha watoto wa watu mhusika ni nini na dhamira ni nini, halafu mtu anauliza mbuzi! Nilizima simu nikaenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika. Jioni nikamweleza mke wangu kwa uchungu. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Amekuuliza swali?" alisema. "Basi anasikiliza. Mama yangu haulizi habari za mtu asiyemtaka."

Usiku huo nilifikiri vizuri. Mtu anayetaka kujua mbuzi wameachiwa nani hawezi kuondoka kabla hajajibiwa. Kesho yake nikajaza chupa, nikaiweka, na safari hii sikuondoka. Nikaketi barazani na kumrushia kioja cha stelingi na risasi zisizoisha. "Chupa," akajibu bila kusubiri, "hawezi kufa. Watu wamelipa kiingilio." Niliandika hilo kwenye ukurasa kama lilivyo, na mpaka leo hakuna nilichoandika mimi ambacho watu wa boda wamekirudia zaidi.

Ndipo nikaanza hadithi ya maana. Mwanamke mmoja wa nchi kavu, kichwa kigumu, anapanda mlimani kwenye baridi kutafuta dawa ambayo kwao haipatikani. Na kabla sijaulizwa, sentensi ya kwanza kabisa: mbuzi wake alimwachia jirani mlevi.

Leso iliacha kukunjwa. Nilikuwa najua ninachofanya. Mke wangu alikuwa ameniambia kwamba kaka zake wako mbali kikazi, na mbuzi wa mama wameachiwa jirani ambaye Jumamosi huwa hajijui jina.

"Chupa," akasema mama mkwe, na sauti ilikuwa imeshuka, "huyo jirani atauza moja aseme imeliwa na fisi."

"Tutaona kesho," nikasema.

"Kesho? Kwani leo imeisha?"

"Leo imetosha."

"Chupa, huyu mtu ana roho mbaya sana."

Basi tukawa tunaenda hivyo. Asubuhi mke wangu anamtia matone kabla ya kutoka. Saa sita na alasiri jirani mjane anaingia kumtia, jioni mke wangu tena. Katikati ni mimi na pazia. Mwanamke wangu wa hadithi alipanda mlima, akapigwa na barafu, akalala kwenye zizi la watu asiowajua. Mama mkwe aliuliza zizi lilikuwa na kupe au halina. Aliuliza mwanamke alivaa nini miguuni. Mahali nilipoweka machozi aliniambia niyaondoe, eti mwanamke wa kwao halii akiwa bado anatembea, analia akifika. Niliyaondoa. Nilisonya, lakini niliyaondoa. Na kila siku nilikata mahali pabaya, mguu ukiwa hewani, mlango ukiwa umegongwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimevua zote.

Kisha mvua ikanyesha.

Mwaka huo mvua ilikuwa imechelewa, watu wa chini walikuwa wamekata tamaa. Ilianza alfajiri, kubwa, ya kupiga mabati hadi mtu hasikii mwenziwe, ikapungua kulipokucha bila kukatika. Siku hiyo hiyo mjane alikuwa na msiba, dada yake anazikwa Timau asubuhi. Unajua watu wa ploti, wapangaji wa ua mmoja. Wanawake wote waliingia gari moja kumsindikiza, mke wangu akiwa mmoja wao, wakaahidi kurudi kabla ya matone ya saa sita. Nilibaki na wanaume wawili wanaolala mchana kwa sababu ni walinzi, na mama mkwe.

Simu yake ikaita. Nilisikia maneno machache ya Kimbeere, lakini nilielewa yote. Imeshika. Watu wako shambani. Shemeji yake alikuwa anapiga kutoka kwa shamba lake mwenyewe, jembe begani, akiuliza lile la mama litabaki kichaka au vipi.

Kule kwao ndengu hazisubiri. Unyevu ni wa siku chache, ukichelewa umepanda chakula cha ndege. Mama mkwe amepanda kila msimu tangu aolewe, amepanda na mimba, amepanda wiki aliyomzika mumewe. Alifunga simu. Nikasikia leso inakunjwa, lakini si ile ya mkononi. Alikuwa anafunga mzigo.

"Chupa," alisema, "mwambie mwenye nyumba aite boda inipeleke steji ya magari."

Nilisogea hadi kwenye pazia. "Chupa, mwambie mama siku ya daktari bado."

"Chupa, mwambie mimi si mtoto."

"Chupa, mwambie hadithi haijaisha! Mwanamke yuko juu ya mlima, dawa ameipata, bado hajarudi!"

"Chupa, mwambie mvua haingoji hadithi."

Mvua ilikuwa inampigia makofi juu ya mabati. Nikampigia mke wangu, akaniambia kwa kelele kwamba gari limekwama kwenye tope, wanaume wa huko wanalisukuma, wasitegemewe kabla ya jioni. "Matone!" alipiga kelele. "Saa sita imeshapita!" Simu ikakatika.

Kweli saa sita ilikuwa imepita. Na nyuma ya pazia nilisikia jambo ambalo sikutaka kulisikia, mtu anapapasa meza, anafungua kifuniko, anajaribu mwenyewe. "Imeanguka shavuni," alisema peke yake. Kisha tena. "Shavuni tena." Kichupa chenyewe kilikuwa kidogo kama kidole, na alikuwa anakimwaga. Halafu akasema neno lililonitoa jasho. "Linawasha."

"Usilisugue!" nilipiga kelele. Si kwa chupa. Kwake.

Nilikimbia kwenye mvua hadi duka la dawa la kona. Msichana wa pale alinisikiliza akinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Hawezi kuacha duka, alisema, yuko peke yake. "Lakini baba, si uweke tu wewe? Ni matone mawili." Matone mawili! Angekuwa mtu wa kule chini asingesema hivyo. Nilirudi nimelowa mpaka mifupa, nikasimama mbele ya pazia langu mwenyewe, na nilikuwa na hasira na kila kitu. Na mvua, na Timau, na babu zao wote waliokaa chini wakaamua mambo haya bila kufikiria mtoto wa jicho.

"Mama," nikasema. Sikuita chupa. "Mama, hilo jicho ni moja. Ukienda leo utainama shambani kutwa nzima, na ukiinama linapasuka, na daktari amesema hana lingine. Hutaziona hizo ndengu zikimea. Hutawaona hao mbuzi. Hutamwona binti yako. Mimi siiti boda. Unikasirikie mpaka kufa, boda siiti."

Maji yalikuwa yananitoka kwenye nguo na kuingia sebuleni kupita chini ya pazia.

"Nthoni si ujinga," alisema mwishowe, pole pole, na yeye pia hakuita chupa. "Mama yangu alimheshimu mkwe hivyo. Mimi nikamheshimu baba ya mume wangu hivyo. Ndiyo maana hakuna siku tulitukanana."

"Najua, mama."

"Huyo mwanamke wa mlima. Akirudi, mbuzi atakuta iko na nani? Mlevi ameuza?"

Nilikuwa bado sijaandika mwisho. Nilikuwa na miisho mitatu, yote mibaya. Lakini nilipofungua mdomo ulitoka wa nne, na nilijua ni wa kweli kabla sijaumaliza.

"Hakuuza. Mkwe alikwenda kuwachukua. Mwanamke alibaki mlimani kumaliza dawa, na mkwe akateremka kwa shamba la mama mkwe, akachunga mbuzi na akapanda ndengu."

"Mkwe yupi? Huyo wa kushika chaki?"

"Huyo huyo."

"Anajua kupanda?"

"Atajua. Anatoka kesho asubuhi."

Kisha kiti kikalia. Alikuwa ameketi tena, na mzigo umewekwa chini.

"Ingia," alisema. "Uniwekee hiyo dawa."

Niliingia. Naandika hivi na mikono yangu bado inakumbuka. Alikuwa ameinua uso kuelekea dari na kushika kingo za kiti kwa mikono miwili kama mtu anayeng'olewa jino. Nilinawa. Nilichukua kichupa. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumtazama mama huyu usoni. Nilikuwa namjua kwa viatu vyake na pindo la leso. Nikasogea, nikainua mkono juu ya jicho, na ilipofika saa ya kudondosha, aibu ilinishinda nikafumba macho. Mimi. Nilidondosha tone nikiwa nimefumba macho.

Lilianguka juu ya pua.

Nilingoja kulaaniwa. Badala yake nikasikia kitu kama kikohozi, kikaendelea, kikakua. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka hadi mabega yakatikisika, nikaogopa atainama.

"Mkwe," alisema, akijipangusa pua, "kati yangu na wewe, mgonjwa wa macho ni nani? Fungua. Mimi nimefungua langu, fungua yako."

Nikafungua. Alikuwa na sura ya mke wangu, nani alinificha jambo hilo? Nyusi zile zile za ubishi, na doa dogo chini ya mdomo ambalo mke wangu pia analo. Jicho lilikuwa jekundu, limelowa, linanitafuta. Nikadondosha moja. Likaingia. Nikadondosha la pili. Likaingia.

"Asante," alisema. "Sasa toka."

Nilitoka.

Kesho yake nilipanda gari la Embu na jembe nililoazima kwa mlinzi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wahenga walisema. Hawakusema mwenyeji naye anaweza kupewa. Nililala kwenye kibanda cha shemeji yangu aliye mbali kikazi, maana hata nyumba ya mama mkwe ikiwa tupu, mkwe haingii ovyo. Mbuzi niliwakuta wote. Jirani mlevi alinikabidhi kamba kwa heshima kubwa, akasema tangu mama aende hajaonja kitu, na alinuka mpaka mbuzi wakageuka. Kisha nikaingia shambani. Mimi ni mtoto wa miraa, kwetu mtu anapanda mti na kuurithisha mjukuu. Habari ya kufungua mistari, kudondosha mbegu na kufukia kwa mguu, mchana kutwa, jua likiwa limekaa juu ya kisogo, sikuwa naijua. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Shemeji yake mama mkwe alipita kwenye ua, akasimama, akaniangalia kwa huruma na kwenda zake. Nilipanda. Jioni nilikuwa siwezi kunyoosha mgongo, nikalala chali nikaandika mwisho wa hadithi kwa kidole kimoja, kama ulivyotoka mlangoni. Watu wa boda walilalamika. Walitaka mlevi apigwe.

Mke wangu alinipigia siku ya daktari. Alisema tu, "Wamemruhusu. Tunakuja," na sauti yake haikunieleza lolote, kwa sababu yuko hivyo akitaka kulia. Nilimuuliza jicho je. Akasema, "Atakwambia mwenyewe." Atanambiaje mwenyewe? Huyo ni mama mkwe.

Walishuka njia panda mchana. Ndengu zilikuwa zimetoka, majani mawili mawili, kijani kibichi juu ya udongo mwekundu. Nilipowaona kwa mbali nilifanya inavyotakiwa. Niliingia nyuma ya kichaka cha mbaazi pembeni mwa shamba, nikajibanza. Nilitaka kujua jambo moja tu duniani.

Mke wangu alikuwa amemshika mkono. Walipofika ukingoni mwa shamba, mama mkwe aliutoa mkono ule. Alisimama peke yake. Kitambaa hakikuwepo usoni. Aligeuza kichwa kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, taratibu, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo. Mbuzi mmoja alikuwa amefungwa karibu naye. Akamtazama.

"Wewe mbuzi," alisema kwa sauti ya kufika kichakani, "mwambie huyo mtu amejificha hapo kwa mbaazi na shati ya bluu. Mistari yake imepinda."

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga, nikalia. Nilikuwa nimefika.